Hidaya au Rushwa? Kipimo Alichotuachia Mtume (S.A.W.)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Mwaka 2000 Bunge la Muungano liliibadilisha sheria ya uchaguzi ikaruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa ilimpa tajiri nafasi asiyokuwa nayo maskini. Sheria imeondoka, tabia imebaki, na imeingia mpaka maofisini. Leo inaitwa "chai", "asante" au "hidaya". Mmoja anatoa apate hati ya kiwanja, mwengine mgonjwa wake atazamwe mwanzo. Na anayepokea pengine husali safu ya mbele, akijiambia kuwa hidaya ni sunna.

Kweli hidaya ni sunna. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi alizigawa mali: hizi zenu, hizi nimepewa hidaya. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama angeletewa. Kipimo ndicho hicho: lau nisingekuwa na kiti hiki, ningepewa?

Wapo wanaouliza: nazuiliwa haki yangu mpaka nitoe, nifanyeje? Wanazuoni wengi wamesema kuwa asiyekuwa na njia nyengine ya kuipata haki yake, dhambi ni ya mpokeaji. Ruhusa hii ni finyu. Haimhusu anayetoa ili ampite mwenziwe kwenye foleni, kwani anayeachwa nyuma ni yule asiyekuwa na cha kutoa, naye amedhulumiwa na wawili. Tena mara nyingi njia nyengine ipo: mkuu wa ofisi, au ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2012.

Tunadai uadilifu kwa viongozi, na ni haki yetu. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kuusimamisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Basi kijana wako akileta nyumbani mali isiyolingana na mshahara wake, muulize imetoka wapi kabla hujamwombea baraka.

Wallahu aalam.