Injini Ikizimika, Helikopta Haianguki Kama Jiwe
Wengi hudhani kwamba injini ya helikopta ikizimika angani, waliomo hawana budi kutoa shahada. Sivyo, almradi pana kimo au kasi ya kutosha. Rubani hushusha upesi wenzo unaopunguza mwinamo wa mapanga. Hewa ipandayo kutoka chini huendelea kuyazungusha, na chombo huteremka kwa utaratibu. Akikaribia ardhi huupandisha wenzo, na nguvu iliyohifadhiwa katika mzunguko huo hupunguza kishindo. Mnamo 1972, Mfaransa Jean Boulet alipaa mita 12,442. Injini ikazimika, naye akatua salama.

Haya yameelezeka kwa Kiswahili. Mbona basi mwanafunzi wetu aambiwe fizikia haina lugha ila Kiingereza? Mimi napendekeza istilahi "mzunguko huru". Asiyeiridhia na alete nyingine.