Kabla ya Programu, Chagua Kazi

Vijana wanaotaka kuishi kwa usanifu wa picha hupewa ushauri mwingi, na baadhi yake unawapotezea muda na fedha. Huu hapa, na majibu yake.

"Anza na Photoshop, ndiyo kila kitu." Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ni hodari kwa kusafisha na kuunganisha picha, kwa sababu hutumia pikseli, yaani vinukta vya rangi. Nembo iliyochorwa kwa pikseli ikitolewa kwenye kadi na kukuzwa hadi bango la barabarani, kingo zake huwa na meno-meno. Nembo huchorwa kwa vekta, yaani mistari inayokuzwa bila kuharibika, katika Illustrator, CorelDRAW au Inkscape. Kurasa za kitabu hupangwa katika InDesign. Anayetaka kuchora nembo lakini akakesha na Photoshop peke yake anajichelewesha.

"Programu za bure ni za kuchezea." Filamu ya katuni Flow, kutoka Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, programu isiyolipiwa hata senti, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Upungufu upo: Inkscape kwa miaka mingi imekuwa dhaifu katika rangi za uchapaji, yaani CMYK. Dawa yake ni kumuuliza mchapaji mapema anapokea faili za aina gani.

"Tumia nakala ya wizi, kila mtu anafanya hivyo." Tangu Adobe, kampuni ya Photoshop, ihamie kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013, kishawishi hiki kimekuwa kikubwa, na ugumu wa malipo hayo kwa anayeanza naujua. Lakini nakala hizo mara nyingi huja na virusi, na kazi ya mteja ikipotea, jina lako hupotea nayo. Inkscape, Krita na Blender ni halali na hazina malipo.

"Ukiijua programu inayotamba, umemaliza." Waliobobea katika FreeHand, programu ya vekta ya kampuni ya Macromedia, waliiona ikiachwa baada ya Adobe kuinunua kampuni hiyo mwaka 2005. Flash nayo, iliyochezesha katuni mtandaoni, ilifungwa mwishoni mwa 2020. Waliojua mpangilio, herufi, rangi na mwendo walihamia kwingine na ujuzi wao.

Basi chagua kwanza kazi: nembo, vitabu, katuni au kurasa za simu. Nenda Kariakoo jijini Dar es Salaam au River Road jijini Nairobi, waulize wachapaji wanatumia nini. Kisha shika programu moja, na kila juma maliza kazi moja unayoweza kumwonyesha mteja.