Hakufeli, Alikosa Nauli

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nikisema hivyo, swali ni lilelile: "Kwani masomo yalikushinda?" Zii, msee. Nilishindwa na nauli. Ukikosa darasa Jumatatu, Jumanne huelewi kitu, na hakuna anayekupigia simu kuuliza uko wapi.

Sasa cheki New York. Huko kuna vyuo vya umma vya miaka miwili, na wengi wanaosomea humo ni vijana wa familia zisizo na pesa. Wengi ni Walatino, watoto wa wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika au Meksiko, ama wenye asili ya Puerto Rico. Kuingia ni rahisi. Kumaliza ndio kazi.

Mwaka wa 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianzisha mpango unaoitwa ASAP. Ukikubali kusoma muda wote, unajaziwa karo inayobaki baada ya msaada wa serikali. Unapewa kadi ya basi na treni. Unasaidiwa vitabu. Halafu unapata mshauri mwenye wanafunzi wachache, anayekujua kwa jina na kukutafuta ukipotea.

Watafiti waliupima mpango huo kwa wanafunzi wa kipato cha chini, wengi wao Walatino na Weusi. Waliwagawanya kwa bahati nasibu: kundi moja likaingia ASAP, lingine likaendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, asilimia 40 ya kundi la ASAP walikuwa wamehitimu. Lile lingine? Asilimia 22. Vyuo 3 vya jimbo la Ohio viliiga, matokeo yakawa karibu yaleyale.

Akili hazikuwa tofauti. Tofauti ilikuwa nauli, vitabu na mtu wa kukuuliza, "Uko sawa?"

Utasema ni ghali. Kweli, kila mwanafunzi aligharimu zaidi. Lakini ukipiga hesabu kwa kila aliyehitimu, gharama ilishuka. Ghali zaidi ni kumlipia mtu mwaka mzima kisha aondoke mikono mitupu.

Wakubwa wa vyuo vyetu, mwanafunzi akipotea wiki mbili, nani anamtafuta? Anzeni hapo.

Na wewe unayesoma hii, kuna dawati liko wazi darasani kwenu. Usingoje ofisi. Mpigie mwenyewe leo, na usimuulize kama amefeli. Muulize kama ana nauli.