Mchanga wa Kuwawekea Samaki wa Bahari

Juma hili nina barua ya kijana wa pwani afanyaye kazi hotelini. Bwana wake amenunua tangi kubwa la kioo, naye ameagizwa alitengeneze liwe kama mwamba wa bahari, pamoja na matumbawe na samaki wake. Gunia la mchanga kutoka mlangoni mwa mto amekwisha kulileta. Auliza: “Je, niumwage tu?”

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Chukua kijiko kimoja cha mchanga huo uliokauka, uutie katika bilauri, kisha uumwagie siki. Mchanga wa mwambani ni chokaa: matumbawe na makombe yaliyosagika, tena mwingi umepita tumboni mwa pono, ambaye huguguna mwamba na kutoa mchanga. Huo utatoa povu jingi. Wa mtoni, ambao aghalabu ni punje za jiwe gumu kama kioo, utatulia, au utatoa mapovu machache kwa ajili ya vipande vya makombe. Huo wa jiwe si sumu kwa nafsi yake, lakini mlangoni mwa mto huja na tope na uchafu wa mjini, usiokwisha kwa kuoshwa. Mimi nisingeutia. Nunua mchanga wa chokaa uliokwisha kusafishwa. Na wa ufukoni usiuchote kabla hujawauliza wakuu wa mahali.

Sasa punje. Zilizo laini kama unga zitapeperushwa na pampu, zitue juu ya matumbawe, nayo yakifunikwa hufa. Zilizo kubwa kama maharagwe hushika mabaki ya chakula katikati yake, yakaoza. Basi chagua za milimita 1 hadi 2.

Na kina? Hapa ndipo watu hugombana. Wengine hawaweki mchanga kabisa, ili wafyonze uchafu kwa urahisi. Hawakukosea, ila wako samaki ambao usiku hujizika mchangani, na hao watakosa kitanda. Wengine hujaza sentimita 10 au zaidi, kwa kuwa kule chini, pasipo oksijeni, wako vijidudu wageuzao naitreti kuwa hewa ya naitrojeni. Ni kweli, hufanya hivyo. Lakini kina hicho hakitaki kuchezewa. Miaka iliyopita nilitia mkono katika mchanga wangu mzito ili nihamishe jiwe. Ikatoka harufu ya yai viza, nami nikacheka. Asubuhi samaki wawili walikuwa wakielea.

Kwa hiyo kwako wewe nasema sentimita 3. Tangi lako, usemavyo, lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50. Basi lita 18 za mchanga zatosha, yaani karibu kilo 27. Weka mawe kwanza juu ya kioo, mchanga baadaye, maana wako samaki na kamba wachimbao chini ya jiwe hata likaanguka.

Tena mwambie bwana wako asidhani kwamba mchanga huo utayalisha matumbawe. Maji ya bahari yamekwisha kushiba chokaa ya namna hiyo, hivyo mchanga hauyeyuki ila kidogo sana. Chokaa ya kujengea matumbawe itabidi muitie wenyewe, na kuipima kila juma. Gunia lile la mtoni lirudishe lilikotoka.