Kongamano Bila Wenyeji: Fasihi Simulizi na Kumbi za Wasomi Bungoma na Kitale

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi, na fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi katika masomo ya fasihi. Katika mitaala, hoja hiyo ilishinda. Katika makongamano, warsha na tamasha za wasomi, bado haijashinda.

Bungoma ni mahali pazuri pa kuipima kauli hiyo. Chuo Kikuu cha Kibabii kilipata hati yake mwaka 2015, na hivyo elimu ya juu ikapiga kambi katikati ya Wabukusu, jamii yenye utajiri mkubwa wa sanaa ya mdomo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Chuo ndicho mgeni. Lakini je, mwenyeji amepona? Desturi iliyozoeleka katika hafla za kitaaluma nchini, bila kukitaja chuo chochote, ni kwamba mpiga litungu huitwa kumpokea mgeni rasmi. Hupiga, hushangiliwa, hupewa chakula, kisha huondoka. Baada yake husomwa makala kwa Kiingereza kuhusu litungu. Msanii amefanywa kuwa ushahidi, wala si shahidi: huonyeshwa, lakini haulizwi.

Kosa hili si la adabu tu, bali ni la kitaaluma. Khuswala kumuse, hotuba ya matanga ya Wabukusu, yatosha kulithibitisha. Fanani husimama mbele ya umati baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi, akatembea uwanjani na mkongojo wake, akasimulia asili ya koo, akapima mwenendo wa walio hai na kuwaonya kuhusu yajayo. Si kila mtu aruhusiwaye kuitenda kazi hiyo, wala haitendwi siku yoyote ipendwayo. Ina kanuni za mahali, wakati, mtendaji na hadhira. Kwa maneno mengine, ina nadharia yake. Mhakiki anayeichambua bila kumpa mjuzi wake fursa ya kumsahihisha anajinyima chombo muhimu cha uhakiki.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni kumleta fanani huyo ukumbini. Dawa hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kumuse bila msiba ni maigizo ya kumuse. Msomi ndiye anayepaswa kwenda matangani, kwa idhini ya wafiwa, na kukaa kama wakaavyo waombolezaji wengine. Kinachofaa kuletwa ukumbini ni maarifa ya mzee kuhusu sanaa yake, pamoja na haki yake ya kukataa tafsiri ya msomi.

Kitale inatoa funzo jingine. Makumbusho yake yalitokana na mkusanyiko binafsi wa Kanali Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu. Alifariki mwaka 1966 na kuuacha urithi huo kwa taifa. Jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Uwanjani mna nyumba za jadi za jamii za eneo hilo. Ni kazi ya kusifiwa, maana mkusanyiko wa mtu mmoja umekuwa mali ya umma. Hata hivyo, nyumba ya maonyesho haina moshi jikoni wala mzee mlangoni. Kongamano linalojadili fasihi simulizi bila wenye fasihi hiyo hujenga nyumba ya namna iyo hiyo, kisha likaiita utafiti.

Hoja kwamba Kiingereza ndicho kinacholipa kongamano hadhi ya kimataifa haina mashiko ya kutosha. Msomi wa Helsinki au Chicago anayevutiwa na kumuse huvutiwa na kile ambacho Bungoma inakijua naye hakijui. Hadhi inayopatikana kwa kumnyamazisha mjuzi ni hadhi ya kukopa.

Yanayotakiwa si makubwa. Sehemu ya kila kongamano iendeshwe kwa Kiswahili na Lubukusu, pamoja na wakalimani. Kila makala kuhusu sanaa ya wenyeji ijibiwe na mjuzi wa sanaa hiyo, naye alipwe kama alipwavyo mtoa mada mwalikwa. Kanda za utafiti zirudishwe kwa familia zilizorekodiwa, na nakala zihifadhiwe Kitale, mahali ambapo mwanafunzi wa Kiminini au Kimilili aweza kuzifikia bila kupanda basi la Nairobi.

Idara itakayoyakataa haya ina uhuru wa kuendelea na hafla zake. Isidai tu kwamba inarithi hoja ya 1968.