Dawa ya alerji kwa farasi wa mbio: kusema « ni mafuta tu » haitoshi

Siku ya posho tarehe 1 Mei 2021, mjini Louisville, jimbo la Kentucky inchini Marekani, farasi Medina Spirit alifika wa kwanza katika Kentucky Derby, mbio za farasi zinazojulikana kuliko zote katika inchi ile. Siku chache kiisha, ikatangazwa kwamba maabara imekuta betametazoni katika damu yake: pikogramu 21 kwa mililita moja. Pikogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni elfu moja.

Betametazoni ni dawa inayotuliza uvimbe na mwasho, na waganga wanaitumia kwa watu pia, hasa kwa alerji ya ngozi. Mwalimu wa farasi huyo, Bob Baffert, alisema kwanza kwamba Medina Spirit hakupewa dawa hiyo hata siku moja. Siku mbili baadaye akaeleza kwamba farasi alikuwa na ugonjwa wa ngozi, na muganga wa wanyama alishauri apakwe Otomax, mafuta yenye betametazoni ndani. Alipakwa kila siku, hadi siku moja mbele ya mbio.

Tarehe 21 Februari 2022, wasimamizi wa mbio wa Kentucky walimnyang'anya farasi huyo ushindi na zawadi ya dola milioni 1,86. Mandaloun, aliyefika wa pili, akatangazwa mshindi. Baffert alisimamishwa siku 90 na kulipishwa faini ya dola 7.500.

Je, ni haki kupoteza yote hayo kwa ajili ya mafuta ya ngozi? Ndiyo, ni haki. Lakini kwa sharti moja: wanaoweka sheria waseme wazi, kwa kila dawa, ni saa ngapi inahitaji ili itoke mwilini.

Dawa haitoki mwilini mara moja. Ini linaivunja, figo zinaitupa katika mkojo, na inapungua kidogo kidogo. Mfano ni setirizini, kidonge cha alerji ambacho watu wengi wanakijua. Katika mwili wa farasi, nusu ya setirizini inaondoka kwa muda wa saa 6 hivi. Saa 6 zingine zikipita, nusu ya ile iliyobaki inaondoka tena. Kiisha saa 48, hesabu hiyo inakuwa imerudiwa mara nane, na inabaki sehemu moja tu kati ya 256. Ndiyo sababu mwongozo wa ARCI, muungano wa tume zinazosimamia mbio za farasi, ulitaja saa 48 za kungoja na kuweka mpaka wa nanogramu 6 kwa mililita moja.

Nanogramu 6 ni pikogramu 6.000. Kwa nini basi farasi mmoja aruhusiwe pikogramu 6.000 za dawa moja, na mwingine aadhibiwe kwa pikogramu 21 za dawa nyingine? Kwa sababu mpaka haupimwi kwa udogo wa namba, unapimwa kwa kazi ya dawa. Betametazoni ikidungwa ndani ya kiungo cha mguu, inazima maumivu. Farasi asiyesikia maumivu anakimbia juu ya mguu wenye kidonda ndani, na mguu unaweza kuvunjika katikati ya mbio. Hapo farasi anaanguka, na yule anayempanda anaanguka naye, wengine wakija nyuma kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Kwa dawa hiyo, Kentucky ilikataza hata chembe moja siku ya mbio.

Mawakili wa Baffert walijitetea kwamba uchunguzi wa mkojo ulionyesha kuwa dawa ilitoka katika mafuta, haikutoka katika sindano. Wasimamizi hawakubadilisha uamuzi, na walifanya vema. Kama kila mwalimu akiruhusiwa kueleza ni kwa mlango gani dawa iliingia, yule aliyedunga sindano ya kuficha kidonda atakuja pia na chupa ya mafuta mkononi.

Hata hivyo, walimu wa farasi wana neno moja la kweli. Mwili si saa ya ukutani. Mwongozo ule ule wa ARCI unaonya kwamba farasi aliyepewa setirizini asipewe ivermektini katika saa 48 mbele ya mbio, kwa sababu ivermektini inaweza kubadilisha namna setirizini inavyotoka mwilini. Ivermektini ni ile ile ambayo wakaaji wengi wa Kongo wanaijua kwa jina la Mectizan, dawa ya upofu wa mto. Kwa farasi inatumiwa kuua minyoo. Tena, farasi anakula majani anayolalia. Kama yamelowa mkojo wenye dawa, dawa inaweza kumrudia. Na mafuta yanayopakwa kila siku yanaongeza dawa mpya wakati ile ya zamani haijamalizika.

Ndiyo maana adhabu peke yake haitoshi. Kila dawa inayoruhusiwa kutibu farasi inapaswa kuwa na muda wake wa kungoja, uliopimwa kwa farasi wenyewe na kutangazwa kwa wote. Mfugaji wa ng'ombe, hata kule Masisi, anakutana na jambo hilo hilo: karatasi ya dawa inamwambia angoje siku ngapi mbele ya kuuza maziwa au nyama. Mwalimu anayechunga farasi wa mamilioni ya dola hawezi kudai kwamba kusoma karatasi ya namna hiyo kunamshinda, na hakuna tume inayoweza kukosa kuiandika.

Kwa upande wao, walimu waandike kila kitu kinachoingia katika zizi: sindano, kidonge, hata mafuta ya ngozi. Na kama farasi ni mgonjwa wiki ya mbio, atibiwe, akose mbio.

Medina Spirit mwenyewe alikufa tarehe 6 Desemba 2021, kiisha mazoezi huko California. Uchunguzi wa maiti haukupata sababu ya hakika, na hakuna aliyeonyesha kwamba mafuta yale yalihusika. Lakini ushindi wake umebaki na doa ambalo yeye hakulitafuta. Kungojea mbio nyingine kungemgharimu kidogo kuliko hapo.