Tusikimbie Vikao vya Wenye Nyumba



Ndugu zetu, baadhi yetu tunaoishi Ujerumani tumejaaliwa kununua fleti, Alhamdulillah. Lakini barua ya kikao cha wenye nyumba ikija, wengi tunaiweka kando. Kijerumani chake kigumu, kikao chenyewe jioni, basi tunasema watakaloamua wao ni sawa. Sisi tunaona si sawa hata kidogo.

Sheria ilibadilika tarehe 1 Desemba 2020. Zamani kuboresha jengo kulihitaji robo tatu ya wenye nyumba wote. Sasa wingi wa kura zilizopigwa unatosha, na kikao ni halali hata wakija wachache. Wakikubali zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura, wenye nusu ya mafungu ya jengo, kwa kawaida gharama inatuangukia sote, aliyehudhuria na aliyelala nyumbani. Kwenda mahakamani kupinga kuna mwezi mmoja tu.

Kazi yenyewe hatuipingi. Takriban theluthi mbili ya nishati ya majumbani huko ni ya kupasha nyumba joto, na kuta tupu na madirisha ya zamani huvujisha joto hilo nje. Dini inayotukataza israfu hata katika maji ya udhu haiwezi kuturuhusu kupasha joto barabara.

Tatizo ni pesa. Jumuiya ya wenye nyumba ikikopa benki, mkopo ni wa riba, na kila mmoja anadaiwa kwa kiasi cha fungu lake. Muislamu aliyekaa kimya anajikuta ndani ya riba ambayo hakuitia saini. Hukumu yake tuwaulize wanazuoni, na tuwaulize kabla ya kikao. Kisha tuombe azimio liseme kwamba anayeweza alipe fungu lake taslimu, asiingizwe kwenye mkopo. Bora zaidi, tuombe miaka kadhaa mapema akiba ya jengo iongezwe kila mwezi. Majirani wastaafu nao wengi hawapendi madeni, hatutakuwa peke yetu.

Wa fleti za katikati husema wao hawana baridi. Kweli, wanapashwa na majirani wa juu na wa chini!

Nanyi wanafunzi mnaopanga, kura hamna, lakini Kijerumani mnacho. Wasomeeni wazee barua hizo. Mwaliko hutakiwa kutumwa wiki 3 kabla, muda upo.

Wabillahi tawfiq.